Zimebaki Kilomita Sitini

4 Machi

Mdogo wangu Utingo,

Natumai barua hii inakukuta mzima, umekula, na umevaa kitu cha maana juu ya kile kishati chako chembamba. Sisi huku tupo. Mgongo wa shemeji yako umemwachia kidogo, sasa anainama mpaka kwenye sahani bila kuita watu. Mpwa wako amefaulu hesabu, na usiulize kipaji hicho kimetoka upande gani. Karakana inakwenda. Juzi nimekabidhi mageti mawili ya shule, mwenye kazi akaniomba punguzo baada ya geti kusimama. Nikamwambia punguzo lilikuwa ndani ya chuma, akalitafute humo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu huipokei. Barua huwezi kuikata.

Sasa Baba. Tangu kile kiharusi, upande wa kushoto haujarudi, na maneno yanamtoka moja moja kama misumari inayong'olewa kwenye ubao. Mtu aliyeendesha malori tangu kabla hatujazaliwa, leo anakalishwa dirishani kutazama kuku wa jirani! Nikaona haiwezekani. Mwaka jana nikanunua kompyuta na ile gemu ya malori, kwa bei kamili, dukani, boksi lina muhuri, risiti ninayo. Kiti nimekilehemu mwenyewe, usukani nimeufunga kwa kimo chake, breki nimeipa springi nzito kama ya lori lake. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vinamtosha. Tangu hapo amekuwa mtu tena. Anapakia mzigo, anaendesha, anafika, karani wa kwenye gemu anasaini, anazima injini, anaita chakula. Muuguzi anayekuja kumnyoosha mkono alisema tusimwondolee kabisa kitu kile, ndicho kinachomshikilia.

Mwezi uliopita umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza bodi kubwa ya kompyuta. Nikafungua, nikaweka nyingine, kazi ya asubuhi moja tu. Gemu ikawaka vizuri. Baba akapakia, akatoka. Alipokaribia mwisho, ubao wa mbele ya dereva kwenye gemu ukamwandikia: zimebaki kilomita sitini. Ukungu ukashuka.

Mdogo wangu, ukungu ule haujaondoka mpaka leo. Magurudumu yanazunguka, mafuta yanapungua, honi inalia, na ubao unasema zimebaki sitini. Anaendesha kutwa nzima, sitini. Mimi si mtu wa kuonyeshwa hesabu ya namna hiyo nikanyamaza.

Nimewaandikia wenye gemu. Imejibu mashine: asante kwa kuwasiliana nasi. Basi nikaitazama ile picha uliyotutumia. Fulana uliyovaa ina nembo ileile iliyo kwenye boksi. Kwa hiyo namuuliza mwenye nyumba: hiki ni nini, na kinaondokaje?

Dada yako.


29 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unakandamiza kalamu kama unachora kwenye bati. Mimi ni mzima. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe msafi. Mwambie mpwa wangu hongera, na mwambie shemeji asinyanyue vitu, hata sifa asinyanyue. Simu niliyo nayo ni ya kazini na za kazini zinasikilizwa, ndiyo maana sikupokea. Usinihesabie vibaya.

Ni kweli, ni kampuni hiyo. Siku hizi nimehamishiwa dawati la malalamiko, nasoma barua za wateja tangu asubuhi mpaka jioni. Kabla ya hapo nilikuwa upande mwingine, kazi isiyo na la kusimulia.

Kuhusu ukungu, nitauliza. Kwa sasa fanya mambo mawili. Usibadilishe kifaa kingine chochote kwenye mashine hiyo, nakuomba sana, hata skrubu. Na mshawishi Baba apumzike, atafutiwe kitu kingine cha kufanya, hata karata.

Nina swali moja, nijibu kabla ya yote. Je, Baba anaona taa?

Mdogo wako,
Utingo.


17 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepokea. Huku mvua zimetugonga, paa la karakana limevuja palepale nilipoziba mwaka jana, maana yake nilifanya kazi mbovu na sina wa kumlaumu. Shemeji yako anakusalimu.

Barua yako imechelewa. Kabla haijafika nilishabadilisha diski, na boksi la kupitishia umeme pia. Ungefanya nini wewe? Kitu kikisumbua, fundi anatoa kibovu anaweka kizima. Ndivyo nilivyojenga nyumba hii, na ndivyo nilivyokusomesha wewe. Lakini kila nilichoweka, ukungu umezidi. Redio ya lori imenyamaza. Magari mengine yametoweka barabarani. Vibao vya miji vimebaki mbao tupu, nyeupe, vimesimama kandokando kama watu waliosahau walichotaka kusema.

Unasema apumzike! Umemsahau baba yako? Mzigo haujasainiwa, ufunguo hauchomolewi. Ndiyo sheria yake tangu tukiwa watoto. Wenzake walikuwa wakiacha malori barabarani wanakwenda kulala kwa watu, yeye analala juu ya usukani. Sasa amehamia kwenye kiti kile. Namlisha kwa kijiko humohumo, analala humo kwa kukaa, nami kando yake. Nilijaribu kuzima, akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, na nguvu alizonishika nazo sikujua bado anazo.

Kinyozi wa mtaani alikuja kumnyoa, akatazama kioo cha kompyuta, akacheka.

"Fundi, hiyo yako ina ukungu kwa sababu umeinunua. Yangu ya wizi, jua linawaka mpaka mwisho."

"Kwa hiyo mwizi anafika na mwenye risiti anapotea?"

"Ndiyo maana mimi sina risiti."

Amesema ataniletea nakala bure. Nimemfukuza na wembe wake. Sijawahi kuchukua cha mtu, siwezi kuanza uzeeni ili nipate nilichokwisha kukilipia.

Sasa swali lako. Mimi sikukuandikia habari ya taa, wala sikuwa nimeisikia. Nilipopata barua nikamwuliza Baba, unaona taa? Akanyanyua kidole, akaonyesha kioo cha pembeni. Nyuma, si mbele.

"Wapo," akasema.

"Akina nani? Wangapi?"

"Wanaongezeka."

Niliinama mpaka pua ikagusa kioo cha kompyuta. Sikuona ila weupe. Wewe ulijuaje?

Dada yako.


20 Mei

Dada, shikamoo.

Najua nimechelewa. Barua hii nimeianza na kuichana zaidi ya mara moja. Hali ya hewa imetulia, nimeacha kukohoa, nakula vizuri. Chumba cha jirani yangu kimepata mpangaji mpya anayeimba akioga, na haimbi vibaya.

Nakueleza moja kwa moja. Ndani ya gemu kuna kufuli. Siku ya kwanza linaikagua mashine na kukumbuka mifupa yake: bodi, diski, na vinginevyo. Mfupa ukibadilika, linashtuka. Ikibadilika mifupa zaidi, linaamua kwamba mtu amenakili gemu na kuipeleka kwenye mashine nyingine, yaani ni mwizi. Kwa kufuli hilo, Dada, kila fundi hodari ni mwizi. Wezi wenyewe hawana shida nalo. Wanaling'oa lote na kulitupa, ndiyo maana kinyozi anafika.

Waliobuni hawakutaka gemu igome. Ikigoma, mwizi anajua amekamatwa, anatafuta njia nyingine. Walitaka aendelee, aizoee, aipende, kisha asifike. Ndani ya ukungu hakuna kitu. Hakuna mji, hakuna geti, hakuna karani. Barabara ni kipande kimoja kinachojirudia chini ya magurudumu. Hizo sitini si kilomita, ni maandishi tu.

Na taa. Watu wenye risiti kama wewe wanaandika kila siku. Yuko mwalimu aliyebadilishiwa diski na mwanafunzi wake, yuko mama anayeuguza mtoto, yuko askari mstaafu. Wote wamo kwenye ukungu. Mwanzoni walitukana, na walikuwa na haki. Kisha, tangu mwezi ule bodi yako ilipoungua, wakaanza kuandika jambo jingine. Kwamba mbele yao kuna taa mbili nyekundu za lori, zinakwenda polepole, na wakizifuata wanapungukiwa na hofu. Mwalimu ameandika kwamba kila penye kona taa hizo hupunguza mwendo, kumsubiri.

Dada, gemu hii kila mtu anacheza peke yake kwenye mashine yake. Mashine hizo hazijuani wala haziongei. Nimezitafuta taa hizo ndani ya gemu yote. Hazimo.

Chukua ile ya kinyozi. Mtoe Baba humo. Mimi sijakwambia, na barua hii ichome.

Utingo.


11 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako sijaichoma, mimi nachoma chuma tu. Mpwa wako amepata surua lakini amepona, amebaki na madoadoa anayojivunia. Shemeji yako anauliza kama huko mnalipwa kwa kupoteza watu au ni kazi ya kujitolea.

Nimemeza kiburi. Nimekwenda kwa kinyozi mchana kweupe, kila mtu kwenye benchi ananitazama, nikasema nimekuja kuchukua ya wizi. Hakucheka. Alikuja mwenyewe akaiweka, kwenye diski nyingine.

Jua likawaka. Barabara nyeusi, miti, watu wanapunga mikono. Baba akashika usukani, akaenda kidogo, akasimama katikati ya njia.

"Si langu."

"Baba, ni lilelile. Rangi ileile."

"Si langu. Mzigo wangu uko wapi?"

Nikamwambia huu ndio mzigo, endesha ufike. Akanigeukia, na maneno yakatoka yamefuatana kwa mara ya kwanza tangu augue:

"Umewaacha wapi walio nyuma yangu?"

Alifunga mdomo. Hakula siku ile wala iliyofuata. Nikarudisha diski yenye ukungu. Alipouona weupe ule alishusha mabega kama mtu aliyefika kwake, akafungua mdomo nikamlisha. Lakini miguu imevimba. Muuguzi amenivuta pembeni akaniambia mtu hawezi kuishi kwenye kiti, asipolala akajinyoosha moyo hautahimili. Nimekata mgongo wa kiti na kuulehemu upya ulale nyuma. Imesaidia kidogo, si sana.

Kuna jingine. Nilipokuwa nikifunga spika upya niliongeza sauti, nikaisikia injini ya kwenye ukungu. Kwenye barabara yenye jua injini ni nyingine, ya kawaida. Ile ya kwenye ukungu inakohoa ikipanda: fupi, fupi, kisha ndefu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuingia kwa wakwe. Lori moja tu lilikohoa hivyo duniani, la Baba, na watoto waliolala ndani yake ni wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine alichukuliwa likizo moja kupandisha mlima, wakakamatwa na ukungu, na aliporudi hakusema na mtu kwa wiki nzima.

Usiniandikie tena "waliobuni".

Wala samahani siitaki, haiendeshi gari. Nataka Baba afike.

Dada yako.


30 Juni

Dada, shikamoo.

Nawasalimu wote. Ukurasa wa pili wa barua yako siujibu.

Nimekwenda kwa mkubwa wangu na barua za wateja, nimezibeba kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Hawa ni wangapi?"

"Mia mbili na ushei."

"Na wezi ni wangapi?"

"Hatuwajui, mkubwa. Wezi hawatuandikii."

"Basi unaona ni wengi kiasi gani." Akanirudishia furushi langu.

Sikiliza. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kufuli hupiga hodi kwetu kupitia mtandao kuuliza kama kuna maagizo mapya. Julai siwezi, muda ni mfupi. Naitengenezea Agosti. Nitaweka uwanja mwishoni mwa ukungu: geti, taa, karani wa kusaini. Utawafikia wote waliopotea, si Baba peke yake. Hakuna aliyeniruhusu. Siku hiyo hakikisha mashine imeunganishwa na mtandao tangu asubuhi.

Mshike Baba mpaka hapo. Mwambie zimebaki kilomita sitini za kweli.

Utingo.


6 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu zitafuata chini, leo naanza na kichwa cha habari: Baba amefika.

Jumatatu mpwa wako aliunganisha waya wa mtandao kabla hata sijanywa chai. Asubuhi hakuna kitu. Mchana hakuna kitu, nikaanza kukutukana polepole ili Baba asisikie. Alasiri ubao ukaandika hamsini na tisa. Nililia, mimi, mbele ya mafundi wangu wawili waliotoka karakana kuja kuchukua funguo za stoo. Wakakaa chini. Hamsini na nane. Hakuna aliyerudi kazini.

Ukungu ukapasuka upande wa kulia tukaona geti. Taa za njano, mlinzi, mti wa kuzuia magari umenyanyuliwa tayari. Baba hakuingia. Akaegesha kando, akavuta breki, akawasha taa za hatari.

"Baba, ingia, ndiyo hapa!"

"Wao kwanza."

Tukakaa. Kwenye kioo sikuona gari hata moja, naapa kwa macho yangu. Lakini spika zilianza kuleta injini, moja baada ya nyingine, kila moja na sauti yake, zikitoka nyuma na kupita ubavuni. Mti wa geti ukawa unashuka na kupanda, unashuka na kupanda. Kila moja ikipita ilipiga honi fupi, na Baba akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, vile madereva wanavyosalimiana. Iliendelea mpaka fundi wangu mmoja akatoka nje, akasema anatafuta hewa. Hakurudi.

Injini zilipokwisha, Baba alisubiri kidogo, akatazama kioo cha pembeni, kisha akaingia. Karani akachukua karatasi, akasaini. Baba akazima. Akasema, "Wote wamepita," sentensi kamili, haina ufa. Kisha akaita chakula, akamaliza, akaomba kingine. Amelala kitandani, amejinyoosha, na uvimbe umeanza kushuka. Muuguzi amefurahi hajui afurahie nini kwanza.

Umefanya kazi safi, nakusifu kama fundi kwa fundi. Madimbwi yale ya maji, karani na buti zake za mvua, hata yule mbwa wa miguu mitatu aliyekuja kunusa magurudumu. Yule ulimtoa wapi? Baba alimwita kwa jina.

Shemeji yako anakusalimu, safari hii bila kejeli. Ukipata nafasi ya kupumzika, njoo.

Dada yako.


27 Agosti

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako imezunguka kabla ya kunipata. Nimehama, naishi kwa rafiki aliyebaki kwenye dawati la malalamiko. Mimi ni mzima, usiogope. Nimeisoma mara nyingi. Nimefurahi kuhusu chakula, na kuhusu miguu. Mwambie Baba nimesikia amekula mara mbili.

Sijui niandike vipi linalofuata, kwa hiyo naliandika lilivyo.

Pasi yangu ya mlangoni ilichukuliwa siku ya Ijumaa, kabla ya Jumatatu ile. Mtu aliona nilichokuwa nikitengeneza. Walinisimamisha pembeni, wakafuta mashine yangu nikiwa natazama. Uwanja ulikuwa bado. Nilikuwa nimemaliza geti na taa moja, tena taa nyeupe. Karani alikuwa hajapata uso, sembuse buti. Madimbwi sikuwaza. Mbwa sikumweka. Hakuna kitu kilichotumwa, Dada. Jumatatu ile kufuli lilipiga hodi na hapakuwa na mtu wa kulijibu.

Rafiki yangu anasema tangu siku hiyo haijaingia barua hata moja ya ukungu. Kampuni imetangaza kwamba wamerekebisha; hakuna anayejua ni nani aliyerekebisha, na wamekubaliana kutoulizana. Zimekuja barua chache za shukrani. Mwalimu yule ameandika kwamba walifika wote salama, na kama inawezekana ashukuriwe dereva mzee aliyeegesha kando ya geti akawapisha, akawanyanyulia kidole. Anataka kujua jina lake. Rafiki yangu alinionyesha barua hiyo jikoni. Sikuweza kusema ni baba yangu.

Ile safari ya mlimani nilikuwa mdogo. Nakumbuka weupe, nakumbuka injini. Sikumbuki kwamba tulifika mahali, wala sikumbuki mbwa. Siku moja Baba akiwa ameshiba, mwulize kwa upole alimwona wapi mara ya kwanza. Asipotaka kusema, mwache.

Nakuja. Nimeshakata tiketi. Usimwambie kwamba sikutuma chochote. Na ile mashine usiiwashe, usiifungue, hata vumbi usifute mpaka niingie mlangoni. Nataka nione kwa macho yangu mwenyewe lori lile limeegeshwa wapi.

Mdogo wako,
Utingo.